Uzi: Kimbunga kikishapita na maji yakishakauka, ni nini hasa kinachoua klabu ya vijana?

#1 KochaMtaani

Salaam wanajukwaa. Ninafundisha soka vijana wa chini ya miaka 13 na wa chini ya miaka 15 upande wa Mathare jijini Nairobi, na nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2024.

Mwaka huo mvua za masika zilitupiga kati ya Machi na Mei, na takriban watu 300 nchini Kenya wakapoteza maisha. Miezi michache baadaye, tarehe 26 Septemba, kimbunga Helene kilitua Florida nchini Marekani, kisha kikaenda kufanya maafa yake makubwa mamia ya kilomita kutoka pwani, katika milima ya North Carolina. Katika mji wa Asheville, mto Swannanoa ulifunika viwanja vya soka vya Azalea Park, ambavyo ndivyo vilivyokuwa makao ya soka ya watoto wa eneo hilo. Nilizitazama picha za tope lile lililolala pale palipokuwa na nyasi, nami nikaona uwanja wetu.

Dai langu ni kwamba maji hayaui klabu. Uwanja wetu ulikauka, wazazi na wachezaji wakatoka na majembe na mikokoteni, tukaondoa taka, tukasimamisha magoli upya. Hata hivyo timu haikurudi. Wavulana wengine wako Kayole, wengine Githurai, wengine walipelekwa mashambani kwa nyanya zao, Kakamega na Siaya. Nyasi zimeota lakini wachezaji hawapo. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu: klabu hufa lini, na huuawa na nini?

#2 Mzee_Kaloleni

Kijana wangu, umeuliza vizuri, ila umeanzia mwisho wa hadithi. Jiulize kwanza kwa nini uwanja ulikuwa pale. Mimi nimeishi Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, tangu utotoni, na nimeona jinsi ardhi nzuri ilivyojengwa nyumba, maduka na vituo vya petroli, huku sehemu za bondeni, karibu na mto, ambazo hakuna aliyezitaka, zikaachiwa watoto wachezee. Klabu inayopewa ardhi ambayo mto huidai kila baada ya miaka michache imehukumiwa tangu siku ya kwanza. Mafuriko hutekeleza tu hukumu iliyotolewa na waliopanga mji.

#3 NikoUghaibuni

Ninaishi North Carolina, na ninathibitisha aliyosema KochaMtaani kuhusu Azalea Park. Mzee wangu Kaloleni, kwa heshima zote, hapa viwanja huwekwa kwenye uwanda wa mafuriko kwa makusudi, na sababu yake si dharau. Sheria hufanya iwe vigumu kujenga nyumba za kuishi sehemu hizo, kwa hiyo miji mingi huzigeuza kuwa bustani na viwanja, kwa hoja kwamba mto ukifurika ni heri usombe goli kuliko usombe chumba ambamo mtoto amelala.

Kilichokwamisha michezo hapa kilikuwa zaidi ya viwanja. Mfumo wa maji wa Asheville uliharibika vibaya kiasi kwamba wakazi hawakuruhusiwa kunywa maji ya bomba bila kuyachemsha hadi tarehe 18 Novemba 2024. Mzazi anayepanga foleni ya maji hana saa ya kumpeleka mtoto mazoezini, na kocha wa kujitolea alikuwa akikwangua tope katika nyumba yake mwenyewe. Tukumbuke pia kwamba Asheville uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Watu wengi waliamini kwamba vimbunga ni habari ya watu wa pwani.

#4 BintiWaBuruburu

Basi sisi na Asheville tulipigwa na kitu kimoja, kwa sababu kimbunga Hidaya ndicho kilicholeta mafuriko ya Mathare. Tofauti ni kwamba wao wana bima na sisi tuna harambee.

#5 HaliYaHewa

Dada wa Buruburu, hapo naomba kusahihisha, kwa kuwa tarehe zenyewe zinakataa. Mto Mathare ulivunja kingo usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024. Maafa ya Mai Mahiu, ambako maji na tope yalisomba nyumba, yalitokea alfajiri ya tarehe 29 Aprili. Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, karibu na kisiwa cha Mafia, tarehe 4 Mei, tena kikiwa kinapungua nguvu. Kisingeweza kusababisha mafuriko yaliyotangulia kuja kwake.

Nairobi iko takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta, na vimbunga vya kitropiki ni nadra sana kuundwa ndani ya digrii 5 za ikweta, kwa sababu nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo hufanya upepo uzunguke, ni hafifu mno huku. Tulichopata sisi ni mvua kubwa za masika zilizonyesha juu ya ardhi iliyokuwa imeshiba maji tangu mvua za El Niño za mwisho wa 2023. Helene, Katrina na Idai ni vimbunga kamili, vinavyolishwa na bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 kwenda juu. Kwa mchezaji wa miaka 12 aliyepoteza nyumba tofauti hiyo huenda isimhusu, lakini kwa anayepanga tahadhari inahusu sana, kwa sababu kimbunga hutabirika siku kadhaa kabla, ilhali mto wa mjini unaweza kupanda kwa saa chache tu usiku.

#6 LindiAsili

Ninaishi South B lakini kwetu ni Lindi, kwa hiyo naomba niongeze jambo kabla watu hawajaamini kwamba Afrika Mashariki imesalimika. Wazee wetu walisimuliwa kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Kabla ya hapo, Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha meli za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Biashara ya karafuu ikabadilika kwa miaka mingi baadaye. Ni nadra, naam, lakini si kwamba haijawahi kutokea.

#7 RefaStaafu

Historia ni tamu, LindiAsili, lakini turudi uwanjani kabla mpira haujatoka nje.

Nimechezesha mashindano ya vijana mitaani kwa muda mrefu, na nitataja kitu ambacho hakijatajwa: karatasi. Mashindano yoyote yenye kikomo cha umri hudai cheti cha kuzaliwa, na kwa haki kabisa, kwa kuwa udanganyifu wa umri ni donda ndugu katika soka yetu. Sasa mto unapoingia chumba cha mabati saa saba usiku, mama hukimbia na watoto. Hakimbii na bahasha. Baada ya mafuriko yale nilisimama kwenye meza ya usajili, kocha mmoja akaja na kikosi kizima, na karibu nusu ya vijana hawakuwa na cheti. Mmoja alileta kilichobaki cha chake: karatasi iliyokunjamana, wino umeenea ukawa doa la zambarau, mhuri unaonekana lakini tarehe ya kuzaliwa haisomeki. Kanuni zilinibana. Alitazama mechi akiwa nje ya chaki.

Kupata nakala mpya kunahitaji namba ya usajili, kitambulisho cha mzazi ambacho nacho kimesombwa, nauli na subira. Kufikia hapo mashindano yamekwisha na kijana ameshazoea kukaa nyumbani. Kwa maoni yangu klabu nyingi zilifia mezani, kabla hata ya kufika uwanjani.

#8 MamaKipa

Refa, asante kwa kusema hilo. Naomba niongee kama mzazi, kwa sababu naona makocha na waamuzi wanajadiliana lakini sisi tunaolipa nauli hatujaulizwa.

Binti yangu ni kipa. Nyumba ilipoingia maji, glavu zake zilikuwa chini ya kitanda ndani ya begi la mazoezi. Nilizifua, nikazianika kwenye kamba pamoja na mablanketi, zikakauka zikawa ngumu kama kifuu cha nazi, na sehemu ya kiganja ikabanduka. Glavu mpya zilikuwa zinashindana na godoro, sare za shule na kodi ya nyumba ya kuhamia. Serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa kando ya mito, na hata familia iliyozipata haikuweza kuzitumia kununua glavu. Huo ndio ukweli.

Jambo la pili ni kwamba timu ya wasichana huanza kufa kabla ya timu ya wavulana. Baada ya gharika kuna tope la kufagia, nguo za kufua na wadogo wa kulea wakati mama anatafuta kibarua. Kazi hizo anaachiwa binti. Kaka yake alirudi mazoezini mapema kabisa, akicheza pekupeku. Yeye alichelewa sana, na aliporudi timu yake haikuwa na watu wa kutosha kugawana pande mbili. Mkihesabu vilabu vilivyokufa, hesabuni wavulana na wasichana kando kando, ndipo mtaona.

#9 Mwalimu_Mukuru

Mama Kipa amesema jambo zito, nami naliunga mkono kwa niliyoyaona darasani.

Niongeze hoja ya makazi ya muda. Mwaka 2024 ufunguzi wa shule ulisogezwa mbele hadi tarehe 13 Mei, na sababu mojawapo ni kwamba shule zilikuwa zimeharibika au zimejaa watu waliokimbia maji. Mahali ambapo klabu haina uwanja wake, na mitaa yetu mingi ni hivyo, timu hufanya mazoezi katika uwanja wa shule ya msingi. Familia zikishaweka mahema pale, hakuna mtu mwenye utu atakayewaambia waondoke ili watoto wapige mpira.

Haya si ya Nairobi peke yake. Kimbunga Freddy kilipoipiga Malawi Machi 2023, baada ya kudumu zaidi ya wiki tano baharini na nchi kavu, shule ya msingi ya Naotcha huko Chilobwe, Blantyre, iligeuka kuwa kambi ya waliopoteza nyumba. Nchini Msumbiji, Idai ilipoiangukia Beira Machi 2019, kulikuwa na maelfu ya wagonjwa wa kipindupindu katika wiki zilizofuata, na mzazi mwenye busara hamruhusu mtoto kucheza kwenye maji yaliyotuama wakati kuna kipindupindu. Kwa hiyo, KochaMtaani, uwanja wako ulikauka, lakini je, ulikuwa huru?

#10 MlinziWaUwanja

Mwalimu, mahema ya wenye shida huondoka. Kinachobaki ni mabati ya wenye tamaa.

Nimekuwa katika harakati za kulinda viwanja vya umma, na mtindo ni ule ule. Mvua inanyesha, nyumba zinabomolewa kando ya mto, kifusi kinatafutiwa pa kutupwa, na uwanja ndio sehemu tupu iliyo karibu. Lori la kwanza linamwaga "kwa muda". Watoto wanakosa pa kuchezea, mazoea ya kwenda uwanjani yanakatika, kisha siku moja unaamka unakuta ua wa mabati na mlinzi asiyejua ni nani aliyemwajiri. Uwanja usiochezewa ni uwanja usio na shahidi. Kimbunga au mafuriko humpa mnyakuzi kitu ambacho hawezi kukinunua, nacho ni msimu mzima bila watu.

Hata New Orleans, baada ya Katrina ya daraja la 5, daraja la juu kabisa la vimbunga, kuibomoa mwaka 2005, viwanja vya watoto vilitumiwa kuweka matrela ya makazi ya muda, na sina hakika kwamba kila mtaa ulirudishiwa uwanja wake kwa wakati.

#11 NikoUghaibuni

Hoja yako ina nguvu, ila tuweke sawa kuhusu Katrina. Ilikuwa daraja la 5 ikiwa katika Ghuba ya Meksiko, lakini ilipotua Louisiana tarehe 29 Agosti 2005 ilikuwa imeshuka hadi daraja la 3. New Orleans ilizama kwa sababu matuta na kuta za kuzuia maji zilivunjika, na takriban asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji. Ninalisema kwa sababu linagusa mada yetu: upepo ulifanya sehemu yake, lakini kilichowatawanya watoto wa mji ule ni miundombinu iliyojengwa vibaya na watu.

#12 BintiWaBuruburu

Nashangaa hakuna aliyesema upande wa matumaini. Superdome, uwanja wa New Orleans, ile ile iliyojaa maelfu ya watu waliokosa pa kwenda wakati wa Katrina ilifunguliwa tena tarehe 25 Septemba 2006, timu ya Saints ya soka ya Kimarekani ikarudi nyumbani baada ya msimu mzima wa kuhangaika San Antonio na Baton Rouge, na ikaifunga Atlanta Falcons 23 kwa 3. Watu wa mji ule bado wanauzungumzia usiku ule. Michezo inaweza kuwa kitu cha kwanza kinachowaambia watu kwamba mji wao bado upo.

#13 MlinziWaUwanja

Dada, timu ya matajiri wakubwa ilirudi baada ya mwaka mmoja, wakati mitaa ya Lower Ninth Ward mjini humo ilikuwa bado magofu. Mimi naiona kama ushahidi wa kinyume cha unachosema. Kimbunga Milton kilipong'oa paa la uwanja wa Tropicana Field huko St. Petersburg, Florida, tarehe 9 Oktoba 2024, ulimwengu mzima uliona picha ile, na timu ya besiboli ya Tampa Bay Rays ikapatiwa uwanja mwingine mjini Tampa kucheza msimu wote wa 2025. Nani alipiga picha ya viwanja vya mitaani vya eneo lile lile? Fedha hufuata kamera, na watoto hawana kamera.

#14 Mzee_Kaloleni

Mnanichosha na Wamarekani. Mimi nitawapa Grenada, nchi ya visiwa huko Karibi, ambayo watu wake wote hawafiki hata robo ya wakazi wa Eastlands.

Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliharibu sehemu kubwa mno ya nyumba za kisiwa kile, na uwanja wa taifa ukaharibika vibaya. Wakati huo kulikuwa na mvulana wa kijiji cha wavuvi cha Gouyave aliyekuwa ametimiza miaka 12 siku chache tu kabla. Jina lake ni Kirani James, na mwaka 2012 mjini London alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mita 400. Sasa uwanja wa riadha wa nchi yake una jina lake. Kijana aliye na mtu wa kumshika mkono hukimbia hata penye kifusi.

#15 RefaStaafu

Mzee, wewe ni shabiki wa Ingwe, yaani klabu ya AFC Leopards, tangu ujana, kwa hiyo subira ya kungoja ushindi baada ya miaka mingi ya maumivu unayo kuliko sisi sote. Lakini Kirani James ni mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu, tena mkimbiaji. Riadha humhitaji mkimbiaji na njia. Soka huhitaji watu 11, na wa akiba, na wapinzani 11. Ukiondoa wachezaji wanne katika kikosi cha watoto, mkimbiaji wa mita 400 hajali, lakini kocha hana timu. Mfano wako unanionyesha kwamba vipaji vinaweza kupona, na swali la uzi huu ni la vilabu.

Pia Grenada hiyo hiyo ilipigwa tena. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilitua kisiwani Carriacou na kuharibu karibu kila jengo. Kwa hiyo jibu la kisiwa kile bado linaandikwa.

#16 Mzee_Kaloleni

Ya Ingwe yaache, refa. Umewahi kutunyima penalti ya wazi na sijasahau. Ila hoja ya watu 11 nimeipokea kwa uzito wake. Na bado nasema aliyemshika mkono yule mvulana alikuwa mtu fulani: mwalimu, kocha wa kijiji, shule. Ni nani anawashika mkono wavulana wa KochaMtaani huko Githurai?

#17 Fundi_Udongo

Nimesoma uzi wote, na kuna jambo moja ambalo kila mtu amelipita haraka. KochaMtaani amesema uwanja "ulikauka". Mimi hufanya kazi za udongo na mifereji, kwa hiyo naomba nifafanue.

Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mafuriko yakipita juu yake huacha tabaka la tope laini ambalo huziba vitundu vyote vya kupitishia maji na hewa. Juu utaona pamekauka, pengine hata nyasi zimechipua kwa rutuba ya majitaka, lakini mvua ndogo inayofuata itasimama juu yake kwa siku nyingi. Nyufa zinapofunguka wakati wa kiangazi, kifundo cha mguu wa mtoto kinaingia humo vizuri kabisa. Ndani ya tope kuna vigae vya chupa, misumari ya mabati yaliyobomolewa na kinyesi kutoka vyoo vya shimo vilivyofurika. Kuokota taka za juu hakutoshi. Inabidi tope likwanguliwe na kuondolewa, udongo utobolewe, umwagiwe mchanga, na mfereji uchimbwe pembeni kabla ya yote hayo, kwa sababu bila mfereji mnarudia kazi msimu unaofuata.

Nashuku kwamba baadhi ya wachezaji walirudi, wakaumia au wakaugua, na wazazi wakawazuia kimya kimya. Mama Kipa huenda anajua zaidi.

#18 MamaKipa

Ninajua. Mtoto wa jirani alikanyaga kigae pale pale kwenye eneo la hatari, mbele ya goli, na jeraha likaoza. Baada ya hapo mama yake hakutaka kusikia neno mpira. Hakumwambia kocha sababu, kwa kuwa kocha ni mtu mwema na hakutaka kumlaumu.

#19 KochaMtaani

Nimesoma kila bandiko, na ninashukuru. Fundi, hilo la tope linanisumbua, kwa sababu sisi tulikwangua sehemu za magoli tu na katikati tukapaacha.

Hata hivyo bado sijashawishika kwamba ni uwanja, wala kwamba ni karatasi peke yake. Nawapa mfano unaonifanya nishikilie dai langu. Chama cha michezo cha vijana cha Mathare, MYSA, ambacho kimekuwepo tangu 1987, kwa miaka mingi kimezipa timu alama za ligi kwa kusafisha mtaa, siyo kwa kushinda mechi tu. Watoto waliolelewa katika utaratibu huo huona kushika koleo baada ya mvua kuwa sehemu ya msimu. Ardhi ni ile ile, mto ni ule ule, umaskini ni ule ule, lakini wao wana ligi inayowafunga pamoja wiki baada ya wiki, na mchezaji akihamia sehemu nyingine ya Mathare anakuta timu nyingine ya ligi hiyo hiyo. Sisi tulikuwa timu moja iliyomtegemea kocha mmoja na simu moja. Simu yenyewe ililowa, na namba za wazazi zikaenda nayo.

#20 Mwalimu_Mukuru

Kocha, hapo sikubaliani nawe kikamilifu. Ligi haiwezi kumfunga mtoto ambaye nyumba yao imebomolewa. Agizo la mapema Mei 2024 la kuwaondoa watu walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni liliwahamisha wengi kabisa kutoka mtaani, na hakuna alama za ligi zinazoweza kumlipia mama kodi ya chumba Mathare. Wanafunzi wangu waliorudi Mukuru walirudi kwa ajili ya shule, kwa sababu jina la mtoto liko kwenye rejista na kuna mtu anayeuliza akikosekana. Klabu ingekuwa na rejista kama hiyo, ikiwa na nakala mahali pakavu, nusu ya kazi ingekuwa imefanyika.

#21 NikoUghaibuni

Kuhusu hilo, baada ya Katrina wasimamizi wa michezo ya shule za upili Louisiana walilegeza kanuni za uhamisho ili wanafunzi waliokimbia mji waweze kuchezea shule walizokimbilia bila kusubiri. Wengi walipata mahali pa kucheza msimu ule ule.

#22 RefaStaafu

Na hapo ndipo mgogoro ulipo, ndugu yangu, kwa sababu mlango huo huo ndio wanaopitia wawindaji wa vipaji. Ukisema aliyeathiriwa na mafuriko ahame bila barua ya klabu yake, kesho kila mshambuliaji hodari wa miaka 14 "ameathiriwa na mafuriko", na klabu ndogo iliyomlea tangu akiwa na miaka 8 haipati kitu. Mimi ningeruhusu kwa msimu mmoja tu, na klabu ya zamani ibaki na haki ya jina lake.

#23 Fundi_Udongo

Msimu mmoja hautoshi kwa udongo wa Eastlands, refa. Uwanja uliotunzwa vizuri baada ya mafuriko unaweza kuhitaji misimu miwili ya mvua kabla ya kuchezeka kwa usalama. Mkimrudisha mtoto kabla ya hapo mnamrudisha kwenye vigae.

#24 KochaMtaani

Refa, nakubali mchezaji wangu akae msimu mmoja au miwili nje ya klabu yangu kuliko aache mpira kabisa, hata kama hatarudi kwangu. Kwa hiyo swali la Mzee Kaloleni nitalijibu kwa ombi. Nina wavulana wanne wa chini ya miaka 15 ambao ninajua wako Githurai, wawili ni mabeki, mmoja kiungo na mmoja winga wa kushoto, na hawachezi popote. Kama kuna kocha wa Githurai 44 au 45 anayeweza kuwapokea bila kudai cheti cha kuzaliwa mara moja, aniandikie ujumbe wa faragha. Refa, ukiwa na nafasi naomba unieleze pia utaratibu wa kupata nakala za vyeti pale ambapo mzazi amepoteza kitambulisho. Fundi, nitakutafuta kuhusu ule mfereji.